Kitabu nilichokisoma gizani

Umeme ulikatika saa tatu kasoro usiku nikiwa katikati ya sura, nikawasha tochi ya simu, nayo ikanivumilia kama dakika kumi hivi alafu betri ikaisha. Mama alikuwa amelala chali, mto uko chini ya goti vile alivyoagizwa, macho yanaangalia dari ambayo hata haionekani. Akasema, "Endelea basi, mbona umenyamaza?"

Nikaendelea.

Sikuwa naona kitu. Kitabu kiko mapajani, kidole bado kimekaa kwenye mstari wa mwisho niliousoma, na mi natoa maneno kichwani: Mma Ramotswe, yule mpelelezi wa kike wa Gaborone kule Botswana, akamimina chai yake ya majani mekundu, akatazama nje ule mti wa miiba, akamkumbuka marehemu baba yake na vile alivyokuwa na jicho la kuchagua ng'ombe, alafu katibu wake, Mma Makutsi, akachomeka zile alama zake 97 za chuo cha ukatibu mahali ambapo hakuna mtu aliyemuuliza, na wote wawili wakanyamaza kidogo. Mama akacheka palepale anapochekaga siku zote. Nikaenda hivo kama robo saa mpaka nikasikia anakoroma.

Asubuhi kabla hata sijabandika maji ya chai nikafungua ule ukurasa nione nilimdanganya Mama kiasi gani.

Sikuwa nimemdanganya sana.

Chai ilikuwepo. Mti ulikuwepo. Baba na ng'ombe wake walikuwepo. Zile 97 zilichelewa kurasa mbili tu. Yaani kitabu ambacho nilikuwa sijawahi kukisoma maishani, nimekisoma gizani, na nimekisoma karibu sawasawa. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni na kile kitabu mkononi na sikujisikia mjanja hata kidogo, nilijisikia kama mtu aliyemshika rafiki yake anasinzia katikati ya mazungumzo.

Hiyo kitu imenikaa rohoni karibu wiki saba sasa. Kila nikianza kuiandika nafuta, manake naogopa itasikika kama nawaponda watu ambao wamenilea.

Nilivyompata huyu mama wa Gaborone

Nilikuwa mwaka wa pili chuo. Kitabu cha kwanza cha Mma Ramotswe nilikinunua cha mtumba, kimeng'oka jalada la nyuma na kuna mtu aliandika hesabu za sukari na sabuni kwenye ukurasa wa mwisho. Kilitoka 1998 lakini kilinifikia mimi miaka mingi baadaye. Wakati ule karibu kila riwaya ya Afrika niliyopewa darasani ilikuwa na mtu anayepigwa, anayefungwa au anayezikwa, sisemi zilikuwa mbaya, zile ndizo zilizonifungua macho, ila sikuwahi kukutana na mwanamke wa Kiafrika ndani ya kitabu ambaye ameketi ofisini kwake, ana birika la chai, ana gari dogo jeupe linalokohoa, anasikiliza shida za watu na anazimaliza bila kumwaibisha mtu mbele ya jirani zake. Nilimaliza usiku mmoja. Kesho yake nikaanza kutafuta cha pili.

Mwandishi, Alexander McCall Smith, alizaliwa Bulawayo mwaka 1948 na akawa profesa wa sheria kule Edinburgh. Hilo swali la mzungu kuwasemea Waafrika watu wamelijadili vizuri kuliko mimi, na leo silo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba vitabu vya Mma Ramotswe vimefika 25 mwaka 2024, mimi nimesoma zaidi ya nusu, na siku hizi nikisoma nasikia mlio wa mashine.

Mama akasema: yaani ni mnene

Mama alianguka bafuni kule Tororo mwezi wa pili akavunjika nyonga. Tukamleta Kampala, akafanyiwa upasuaji, alafu akaja kwangu Bweyogerere kukaa mpaka mguu ukubali. Televisheni inamuumiza kichwa. Redio anaitaka asubuhi tu. Basi jioni nikawa namsomea, na kwa kuwa Kiingereza hakisomi, nikawa natafsiri papo kwa papo, macho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili chetu cha kwota za reli, zile nyumba za wafanyakazi tulikokulia.

Tabu ilianza kwenye ukurasa wa kwanza kabisa ambapo Mma Ramotswe anaelezwa umbo lake. Wanaosoma Kiingereza wanajua ule msemo wa heshima anaoutumia, kwamba yeye amejengeka kwa namna ya asili. Nikamwambia Mama, "Ni mwanamke wa umbo la asili."

"Yaani ni mnene."

"Ndio Mama, lakini anasema kwa heshima."

"Sasa unene unatafutiwa heshima gani tena? Si ni heshima tayari."

Nilicheka mpaka kitabu kikaanguka. Tukakubaliana iwe "wa umbo la asili" na Mama kila akilisikia anaongeza kwa sauti ya chini, "mnene." Wiki za kwanza ilikuwa raha tupu. Kile chuo cha ukatibu cha Mma Makutsi nilikitafutia maneno, viatu vyake vinavyomsemesha nikavitafutia sauti, yule mama mkuu wa kituo cha yatima na keki zake za kushawishi watu nikampa lafudhi ya mama mmoja wa Busia ambaye Mama anamjua vizuri sana.

Ukisoma kwa macho unaruka bila kujijua. Jicho linateleza, likiona kitu linachokijua linapita. Ukitafsiri kwa mdomo huwezi kuruka, kila sentensi lazima uibebe kutoka upande huu hadi upande ule, na ndo nikagundua kwamba mara nyingi nilikuwa sina haja ya kubeba. Kiswahili chake kilikuwa tayari kinanisubiri mdomoni tangu kitabu cha juzi. Nikaanza kuweka alama za penseli pembeni kila nilipokutana na kifungu nilichokwishakitafsiri. Baada ya siku nne nikaacha, manake kitabu kilikuwa kinachafuka.

Kwanini lazima ijirudie

Mwanzoni nilimlaumu mwandishi, alafu nikajilaumu mimi, alafu nikakaa nikawaza ile kazi yenyewe inadai nini.

Ona, ucheshi unataka nishtuke kidogo. Upelelezi nao unataka nishtuke. Sasa mfululizo wa vitabu unataka kinyume kabisa, unataka nirudi nikute viti viko palepale na birika liko palepale. Vitu vitatu vinavutana kamba moja na kadiri miaka inavyokwenda huyo wa tatu ndiye anayeshinda, kwa sababu ndiye anayeuza.

Alafu kuna mgeni. Mwandishi hajui wewe umeanzia wapi. Kuna mtu atanunua cha 14 uwanja wa ndege bila kusoma hata kimoja nyuma yake, na huyo inabidi aambiwe Mma Ramotswe ni nani, alirithi ng'ombe kwa nani, akawauza vipi akafungua ofisi, na yule katibu wake alifaulu kwa ngapi. Kwa mgeni huo ni ukaribisho. Kwa sisi wa nyumbani ni kama kuambiwa jina la mama yako mzazi kila unapoingia mlangoni.

Na kuna umri. Janet Evanovich alianza mwaka 1994 na yule mhusika wake, binti wa Trenton kule Marekani anayekamata watu waliotoroka dhamana, vitabu vimeshapita 30, magari yanaendelea kulipuka, bibi yake anaendelea kufurahia kwenda kutazama maiti misibani, wanaume wawili wanaendelea kumngoja achague, na yeye amebaki na miaka thelathini na kidogo. Wasomaji waliomwanza wakiwa rika lake sa hivi ni mabibi. Nilisoma vinne mfululizo nikacheka sana kwenye viwili.

Si ajabu wengine walijaribu kutoka kwa nguvu. Conan Doyle alimuua mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1893, akamtupa kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi, na kufika 1903 alikuwa ameshamfufua. Agatha Christie aliandika kifo cha mpelelezi wake Poirot wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akakifungia, kikatoka 1975, na katikati hapo akaendelea kumwandika Poirot yuleyule mwaka baada ya mwaka huku kaburi lake limeshachimbwa na liko kabatini. Hilo la Christie nililiwaza sana usiku. Unaandikaje utani wa mtu ambaye umeshamzika?

Lakini kinachonichosha hasa ni utani, kuliko hata fumbo. Mara ya kwanza Mma Makutsi anapotaja 97 zake unacheka. Mara ya tatu unacheka zaidi kwa sababu ulikuwa unaingoja. Mara ya ishirini imekuwa salamu. Habari za asubuhi, nzuri, na hakuna aliyeuliza kweli na hakuna aliyejibu kweli. Salamu nazo zina kazi yake, siwezi kuishi mahali pasipo na salamu, ila sijawahi kununua kitabu cha salamu.

Sungura wa kwota za reli

Hapo nikawa nimeshafikia mahali nataka kuandika kwamba kujirudia ndiko kunakoua hadithi. Nikaandika kabisa. Nikalala. Nikaamka nikajua nimeandika uongo.

Mimi nimelelewa na hadithi zinazojirudia.

Kwota zetu zilikuwa nyumba za safu, ukuta mmoja unaita mwingine, Mjopadhola hapa, Mteso pale, Msamia, Mluo wa ng'ambo ya Malaba, ndo maana Kiswahili kikawa cha wote. Jioni watoto walikuwa wanajaa kwenye baraza letu. Mama anasema "Paukwa!" nasi "Pakawa!" na kila mtoto pale anajua kwamba Sungura atamdanganya Fisi. Tulijua atamdanganyaje. Tulijua wimbo atakaouimba, tulikuwa tunauimba kabla yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ati leo imechosha.

Sasa kuna siku moja. Kaka yangu mkubwa alichukua hela kwenye koti la Baba, akala sambusa stesheni na wenzake, Baba akalaumiwa kazini kwa sababu sehemu ya zile hela ilikuwa ya mtu. Hakuna aliyejua nani kachukua, ila Mama alijua, mama anajuaga. Usiku ule akaanza hadithi ya Sungura anaiba karanga kwenye shamba la Tembo. Tunaijua. Sungura anashikwa, anafungwa kamba kwenye mti, alafu anapita Fisi, anadanganywa afunguliwe Sungura afungwe yeye. Tukawa tunamngoja Fisi.

Fisi hakupita.

Mama akasema usiku ukaingia, baridi ikaja, Sungura akaita, hakuna aliyeitika. Asubuhi Tembo akatoka nyumbani kwake na fimbo. Na hadithi yangu imeishia hapo. Akaingia ndani kufunika makaa.

Mpaka leo naisikia ile kimya. Watoto kama kumi na tano barazani, hakuna anayesogeza mguu, na kaka yangu ameinamisha kichwa. Kesho yake jioni Sungura alikuwa huru tena, bila maelezo yoyote, anamdanganya Fisi kama kawaida na sisi tunaimba. Lakini sasa tulijua kwamba kamba ipo.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu, ila nilikielewa vibaya kwanza. Nilisema: aha, Mama alikuwa anaona nyuso zetu, kitabu hakinioni, ndo maana kitabu kinachosha. Nikafurahi na hilo jibu siku mbili tatu hivi. Alafu nikakumbuka kwamba vitabu vitano vya kwanza vya Mma Ramotswe navyo vilikuwa karatasi, navyo havikuniona, na sikuchoka. Nilivisoma mara mbili mbili. Chai ilikuwemo mle. Gari lilikuwemo. 97 zilikuwemo.

Kwahiyo si chai.

Swali akiwa anachambua maharage

Ilikuwa jumapili jioni. Mama alishaanza kukaa, nimemwekea mito mgongoni, akaomba kazi, anasema mikono yake haijavunjika. Nikampa sinia la maharage achambue. Mi nasoma, yeye anatenga, mawe madogo upande wa kushoto, maharage yaliyotobolewa upande wa kulia, hatazami mkono wake kabisa, vidole vinajua vyenyewe.

Katikati ya sura, Mma Ramotswe yuko kwenye gari anakwenda kumhoji mtu, Mama akasema, "Yule mtoto wake mbona hawamsemi tena?"

Nikadhani anasema wale wawili aliowalea, Motholeli na mdogo wake Puso. Nikamwambia wapo shule.

"Hao siwaulizi. Namuuliza aliyekufa."

Nilinyamaza. Nilimsimulia Mama habari hiyo mara moja tu, wiki ya kwanza kabisa, nikimweleza kwa kifupi huyu mwanamke ametoka wapi: kwamba aliwahi kuolewa na mpiga tarumbeta, Note Mokoti, mwanaume aliyempiga, na akazaa naye mtoto ambaye alifariki akiwa mchanga kabisa. Nilisema nikapita. Mama hakupita. Wiki zote zile, sura baada ya sura, chai baada ya chai, alikuwa anamngoja yule mtoto atajwe, na katika kurasa zote tulizosoma pamoja hadi jioni ile hakuwa ametajwa.

Nikasema, "Labda mbele atatajwa."

"Mama hakai hivo siku zote hizo," akasema. Akaendelea na maharage.

Mimi sio mtoto wa kwanza wa Mama. Kaka yangu pia sio wa kwanza. Kuna aliyemtangulia, nilioneshwa kaburi lake nyuma ya nyumba ya Babu nikiwa na miaka kama tisa, na nilioneshwa na shangazi, sio na Mama. Mama hajawahi kumtaja mbele yangu hata siku moja.

Sikuendelea kusoma usiku ule. Nilibandika yale maharage nikakaa nayo jikoni mpaka yakaiva.

Nikarudi cha kwanza

Nilikitoa kile kitabu changu kisicho na jalada. Nilikuwa nakumbuka utamu wake tu. Nilikuwa nimesahau kabisa ni kitabu chenye giza kiasi gani.

Kuna sura nzima anaongea baba yake, Obed Ramotswe, anaeleza miaka yake chini ya ardhi kwenye migodi ya Afrika Kusini na vumbi lililomharibu mapafu. Kuna mtoto wa mwalimu anayepotea, na hofu inayozunguka ni kwamba amechukuliwa kwa ajili ya dawa za waganga. Kwetu hapa hakuna mzazi anayesoma hiyo akaiita hadithi tu, sisi watoto wetu tunawaambia kila siku wasipande gari la mtu wasiyemjua, na sababu tunaijua. Kuna ile ndoa. Kuna lile kaburi dogo.

Na kuna pale baba anapokufa, ambapo nimeparudia mara nyingi sana wiki hizi. Yuko kitandani, mapafu yamekwisha, anamwambia binti yake auze ng'ombe anunue biashara yake mwenyewe, labda bucha, labda duka la pombe. Binti anamshika mkono na kumwambia atafungua ofisi ya upelelezi. Mzee anafumbua macho, anajikaza aseme, "Lakini... lakini..." na anakata roho kabla hajamaliza. Binti analia.

Banange. Unacheka na unalia kwenye pumzi moja na huwezi kutenganisha. Utani ule ungekuwa mwepesi kama pamba kama asingekuwa anakufa kweli. Na kifo kile kingekuwa kifo cha kawaida cha vitabuni kama sio zile "lakini, lakini" alizokuwa anajaribu kuzitoa mzee wa watu.

Hapo nikapata nilichokuwa nakitafuta wiki zote hizi. Ile chai ya mwanzo ilikuwa chai ya mtu aliyefiwa. Anakaa, anamimina, anatazama mti, kwa sababu amepigwa na maisha na amechagua kukaa wima. Gari dogo jeupe lilikuwa la mtu aliyeanza upya peke yake. Hata 97 za Mma Makutsi, ukikumbuka alitoka kwenye umaskini gani, alivyokuwa anamuuguza kaka yake, na alivyoona kazi nzuri zinakwenda kwa wasichana warembo waliopata nusu ya alama zake, unaelewa kwanini anazitaja kila siku, hana kitu kingine alichoshika mkononi. Ni mwavuli. Anaufungua kwa sababu mvua inanyesha.

Miaka ikaenda, mvua ikakatika, mwavuli ukabaki umefunguliwa. Kitabu baada ya kitabu, mwavuli uleule mzuri, rangi zilezile, na jua kali nje.

Sasa sitaki kumwonea. Mambo yanabadilika mle, Mma Makutsi anaolewa kwenye kitabu cha mwaka 2011, baadaye anapata mtoto. Na yule mtoto aliyekufa anakumbukwa, nimepekua nimemkuta hapa na pale, vifungu vifupi, na kila anapotajwa ukurasa unapata uzito palepale, unajua tena kwanini huyu mwanamke ni mpole. Ni kwamba havidumu. Mfano ambao bado unaniuma ni gari. Kwenye kitabu cha mwaka 2009 lile gari dogo jeupe likashindikana kabisa, mumewe Matekoni, fundi mwenyewe, akasema basi. Nilisoma pale nikiwa kwenye taksi, foleni ya Jinja Road imesimama, nikaacha kitabu nikatazama dirishani kama mtu amenipigia simu ya msiba. Niliwaza, sasa huyu mama ataishije? Nilitaka kuona anavyoishi bila gari lile. Miaka miwili baadaye likarudi. Nilifurahi siku ile, naomba nikiri, nilifurahi sana. Leo nadhani ndipo ile kamba ya Sungura ilipokatwa. Kuanzia hapo nilijua kwamba Fisi atapita tu.

Ila Mama alilala

Kuna upande mwingine na sijaumaliza, nauandika hivohivo.

Wiki zile mbili za mwanzo baada ya upasuaji, dawa za maumivu zilikuwa zinamchukua Mama katikati ya sentensi. Anasinzia dakika ishirini, anaamka, na kitu cha kwanza anachosema ni, "Wamefika wapi?" Na mimi nilikuwa naweza kumwambia, wanakunywa chai, na ilikuwa kweli, na yeye anatulia. Kingekuwa kitabu kinachobadilika kila ukurasa angeamka amepotea, na usiku ule aliogopa sana kupotea, alikuwa anauliza hata yuko nyumba gani. Kile ninachokiita mlio wa mashine, kwake kilikuwa mlio wa treni usiku kule kwota, ukiusikia unajua uko nyumbani.

Najua wengi wanaonunua cha 20, cha 23, wako kwenye kitanda cha namna hiyo, au wanamkalia mtu aliye kwenye kitanda hicho. Mwandishi anawajua hao. Labda anaandika kwa ajili yao na hatuandikii tena sisi wazima tunaohesabu birika kwa penseli.

Lakini aliyeuliza habari za mtoto ni huyohuyo mgonjwa. Hilo ndo siwezi kulizunguka. Alitaka treni ipite saa ileile, na alitaka pia mtoto atajwe. Kwake havikupingana hata kidogo. Nimejaribu kulipanga hili liwe jibu moja limekataa.

Jioni ya juzi

Mama sa hivi anatembea na fremu kutoka chumbani mpaka mlangoni, anakaa kwenye kiti cha plastiki anatazama boda zinavyogombania abiria kwenye steji. Juzi akaniambia tuache hicho tulichokuwa tunasoma, kilichobaki hata akikisikia mwakani hakitaharibika. Nikamuuliza anataka kipi.

"Kile cha mwanzo. Ulinisimulia tu, hukunisomea."

Nikaleta kigoda. Tulianza mchana, kwenye mwanga, na safari hii kila sentensi ilibidi niibebe, nilikwama mara nyingi, kuna maneno niliyageuza mara mbili tatu ndipo yakakaa. Mama hakucheka sana kama siku zote. Alicheka pale kwa mzee na duka la pombe, alafu akafuta jicho kwa ncha ya leso.

Tukafika kwa yule mtoto. Ni kifungu kifupi tu. Nilikisoma taratibu, nikamaliza, nikataka kufunua ukurasa.

Mama akaweka mkono wake juu ya kitabu. Mkono mkavu, una alama ya sindano bado.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Boda mbili zikapita zinapigiana honi, tukazingoja zimalize.

"Rudia tena."